Maji Yaliyomo Kwenye Chakula: Tulichojifunza Katika Kuyapima na Kuyapunguza

Ukitaka kupunguza maji unayotumia, anzia sokoni kabla ya kufika bombani. Mtu mzima hunywa lita mbili au tatu kwa siku. Akioga, akifua, akipika na kuosha vyombo, pengine atafikisha lita mia moja au mia moja na hamsini. Maji yaliyokwisha kutumika shambani ili apate chakula cha siku hiyo hiyo ni maelfu ya lita. Arjen Hoekstra na Mesfin Mekonnen wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walipiga hesabu ya dunia nzima kwa miaka ya 1996 hadi 2005 wakapata wastani wa lita 3,800 kwa kila mtu kwa siku. Asilimia 92 ya maji hayo ilikwenda kwenye kilimo. Matumizi ya nyumbani hayakufika asilimia 4.

Tumeona jambo moja likijirudia kwa watu wanaokutana na hesabu hizi kwa mara ya kwanza. Wakisikia kuwa kilo ya nyama ya ng'ombe imebeba lita 15,000 na ushee, wengine hushtuka, wakabadilisha mlo mzima kwa wiki mbili, kisha wakarudi walikotoka. Wengine husema ni takwimu za kutishana tu. Kumbe takwimu ile ni mlango wa maswali mengine. Ni maji gani, ya mvua au ya kisima? Yametoka wapi? Na tunalinganisha kwa kilo, kwa protini au kwa shibe? Bila kuuliza hayo unaweza kubadilisha kila kitu jikoni na usiokoe hata ndoo moja.

Maji yanakwenda wapi shambani

Mmea hauweki maji akiba. Sehemu kubwa mno ya maji yanayopanda kutoka mizizini hutoka tena majanini kama mvuke. Jani lina vitundu vidogo sana vinavyofunguka kuingiza hewa ukaa, ambayo ndiyo malighafi ya wanga na sukari, na vikifunguka tu mvuke nao hupata pa kutokea. Hakuna zao linaloweza kujijenga bila kupoteza maji kwa njia hiyo. Ongeza maji yanayokaushwa na jua moja kwa moja kutoka kwenye udongo ulio wazi.

Hesabu yake ni nyepesi, na inafaa kila mtu aijue. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Juu ya hekta moja ni lita 10,000. Mahindi huhitaji kati ya milimita 500 na 800 tangu kupandwa hadi kukomaa, kutegemea joto, upepo na urefu wa msimu. Tuchukue 500. Hizo ni lita milioni 5 kwa hekta. Shamba likitoa tani 5, kila kilo imebeba lita 1,000. Shamba hilo hilo likitoa tani 2 kwa sababu mbolea ilikosekana, palizi ilichelewa au viwavi walimaliza majani, maji hayapungui kwa kiasi kile mavuno yalivyopungua, kwa kuwa udongo usiofunikwa na majani hukaushwa na jua na magugu nayo yanakunywa. Kilo moja sasa inakaribia lita 2,500.

Ndiyo maana takwimu zote utakazozisoma hapa zichukuliwe kama wastani wa dunia: mahindi kama lita 1,200 kwa kilo, ngano 1,800, mchele 2,500. Mashamba mawili yaliyopakana yanaweza kupishana mara mbili. Na kwa maoni yetu, palizi ya wakati na samadi ya kutosha vinastahili kutajwa kila tunapozungumzia kuokoa maji, sawa na mabomba ya matone. Mara nyingi vinasahauliwa kwa sababu havionekani kama vifaa vya maji.

Aina ya maji ni muhimu kuliko wingi wake

Wapimaji hugawa maji ya chakula mafungu matatu. Kuna mvua iliyonyesha shambani ikakaa udongoni, wao huiita maji ya kijani. Kuna maji ya kumwagilia yaliyotolewa mtoni, ziwani, bwawani au chini ya ardhi, ambayo ni ya bluu. Na kuna ya kijivu, yaani kiasi cha maji ambacho kingehitajika kuzimua mbolea na dawa zinazochuruzika kutoka shambani hadi mto uwe salama tena.

Tazama vitu viwili vilivyo karibu kabisa kwa jumla. Kilo ya nyama ya ng'ombe ni wastani wa lita 15,400. Kilo ya lozi zilizomenywa ni kama lita 16,000. Ukiangalia jumla utasema ni mamoja. Ukifungua mafungu, nyama ina lita 550 hivi za kumwagilia, na zaidi ya asilimia 90 ya maji yake ni mvua iliyootesha nyasi na nafaka za mifugo. Lozi zina lita zaidi ya 3,800 za kumwagilia, maana sehemu kubwa ya lozi za dunia hutoka California, ambako kiangazi hakina mvua na miti huishi kwa mifereji na visima.

Hii haina maana kwamba mvua ni ya bure. Mvua inayootesha malisho ingeweza kulisha msitu, zao jingine au chemchemi. Pale msitu ulipokatwa ili pawe na malisho, hasara ya maji ni kubwa kuliko takwimu yoyote ya kilo inavyoonyesha. Pale nyanda zilipo kavu kiasi cha kutofaa kwa jembe, mnyama anageuza nyasi ambazo binadamu hawezi kuzila kuwa chakula, na hapo lawama inapungua sana. Kilo mbili za nyama zenye takwimu moja zinaweza kuwa na historia tofauti kabisa.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa ngano ya Saudia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi hiyo iliamua kujitosheleza kwa ngano, ikachimba visima virefu jangwani na kutumia maji yaliyokusanyika chini ya ardhi maelfu ya miaka iliyopita, ambayo mvua ya leo haiwezi kuyarudisha. Ilifanikiwa hata ikauza ngano nje. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza ununuzi wa ngano ya ndani hatua kwa hatua hadi kuusitisha mwaka 2016, kwa sababu akiba ya maji ilikuwa inakwisha. Ngano kwa kilo si zao la kutisha hata kidogo. Ilitisha pale kwa sababu ya maji iliyokunywa. John Anthony Allan, mtaalamu wa London aliyepewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2008, alilieleza hili tangu miaka ya 1990: nchi kavu inayoagiza nafaka inaagiza maji pia, bila kujenga bomba. Na kinyume chake ni kweli. Huko Petorca, Chile, mashamba ya parachichi za kuuza nje yamestawi katika bonde ambalo baadhi ya wakazi wake wameletewa maji ya kunywa kwa malori.

Kwa hiyo unaponunua tunda au mboga iliyosafiri kutoka mbali, swali la kwanza ni kama ilikotoka kuna mvua. Msimu hukusaidia kujibu. Mboga inayopatikana katikati ya ukame, wakati mashamba ya mvua yamekauka, karibu hakika imemwagiliwa.

Nyama: maji hayapo kwenye ndoo ya kunyweshea

Wengi hudhani maji ya nyama ni yale mnyama anayokunywa na ya kuoshea machinjio. Hayo ni kidogo sana. Katika maji yote yanayohesabiwa kwa mazao ya mifugo, asilimia 98 ni ya chakula cha mnyama. Ya kunywa ni kama asilimia 1, na ya usafi hayafiki hapo. Ukitaka kujua maji ya nyama, uliza mnyama alikula nini, kiasi gani na kwa muda gani.

Muda ndio unaomwangusha ng'ombe. Kuku wa nyama aliyetunzwa vizuri hugeuza kilo mbili hivi za chakula kuwa kilo moja ya uzito, tena kwa wiki chache. Ng'ombe huhitaji chakula mara kadhaa zaidi kwa kila kilo, na hula kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuchinjwa. Sehemu kubwa ya anachokula humwendesha tu, kumpa joto na nguvu ya kutembea. Ndipo zinapatikana tofauti hizi za wastani kwa kilo: ng'ombe lita 15,400, kondoo 10,400, nguruwe 6,000, mbuzi 5,500, kuku 4,300. Mayai ni 3,300 kwa kilo, na maziwa kama 1,000 kwa lita.

Ng'ombe wa malisho ana jumla kubwa kuliko wa kunenepeshwa zizini kwa nafaka, kwa sababu anakua taratibu. Lakini wa zizini ndiye anayekula zaidi nafaka na majani ya kumwagiliwa, pamoja na mbolea zilizotumika kuyaotesha. Mtu akikuambia nyama ya zizini "inaokoa maji" kwa kukuonyesha jumla peke yake, mwombe akuonyeshe fungu la kumwagilia.

Badiliko lenye faida kubwa kuliko yote, kwa uzoefu wetu, ni kupunguza nyama ya ng'ombe na kuweka maharage, dengu, choroko, njegere au soya mahali pake. Na hapa ndipo kosa la hesabu hujitokeza mara nyingi. Mtu anafungua jedwali, anaona maharage makavu ni lita 5,000 kwa kilo na kuku 4,300, anahitimisha kuwa kuku ni bora. Amelinganisha vitu visivyolingana. Kilo ya maharage makavu ikilowekwa na kuchemshwa inakuwa kilo mbili na zaidi za chakula. Kilo ya kuku ina mifupa, na ikipikwa inapungua. Linganisha kwa protini na picha inageuka: gramu moja ya protini kutoka jamii ya mikunde inachukua wastani wa lita 19, mayai 29, maziwa 31, kuku 34, ng'ombe 112.

Kwa sahani moja inakuwa hivi. Gramu 150 za nyama mbichi ya ng'ombe ni lita 2,300. Gramu 100 za maharage makavu, ambazo zikiiva ni bakuli la mtu mwenye njaa na zina gramu 20 hivi za protini, ni lita 500. Ukichanganya, gramu 50 za nyama kwa ladha na gramu 70 za maharage, unapata lita kama 1,120, na mchuzi una ladha ile ile ya nyama. Mchanganyiko huu hudumu nyumbani kuliko kukataa nyama ghafla, nasi tunaupendekeza kabla ya kingine chochote.

Tahadhari moja isirukwe. Madini ya chuma ya maharage hufyonzwa mwilini kwa shida kuliko ya nyama, na vitamini B12 haipo kwenye mimea. Mtoto mdogo, mjamzito au mwenye upungufu wa damu asiondolewe nyama, mayai na maziwa kwa sababu ya hesabu za maji. Anayepunguza ale maharage pamoja na matunda au mboga zenye vitamini C, kama machungwa, nyanya au pilipili hoho, ili chuma ifyonzwe vizuri zaidi.

Mabadiliko yanayoonekana mazuri na kumbe siyo

La kwanza ni jibini. Mtu anaacha nyama, anaanza kula jibini kila siku. Kilo ya jibini huhitaji karibu lita kumi za maziwa, na wastani wake ni kama lita 5,000 za maji kwa kilo hata baada ya kuhesabia sehemu ya maji hayo kwenye majimaji ya maziwa yanayochujwa jibini likitengenezwa. Ni nafuu kuliko ng'ombe, si nafuu kuliko kuku. Siagi ni kama lita 5,500.

La pili ni njugu za miti: lozi, korosho na jamaa zao. Kwa gramu ya protini, wastani wa kundi hilo ni lita 139, juu hata ya nyama ya ng'ombe. Kula kiganja kimoja si tatizo. Kuzifanya msingi wa mlo, au kunywa maziwa ya lozi yaliyotoka kwenye eneo kame ukidhani unaokoa maji, ndilo tatizo. Karanga ziko mbali na kundi hilo. Ni zao la ardhini, kama lita 4,000 kwa kilo iliyomenywa, na robo ya uzito wake ni protini. Soya ni bora zaidi, lita 2,100 kwa kilo.

Mafuta nayo husahauliwa kwa kuwa chupa inakaa muda mrefu. Mafuta ya alizeti ni karibu lita 6,800 kwa kilo, ya zeituni zaidi ya 14,000. Kukaangia kwa mafuta mengi kisha kuyamwaga ni kumwaga maji mengi kuliko utakayookoa kwa kufunga bomba wiki nzima.

Vinywaji vina mshangao wake. Kikombe kidogo cha kahawa cha mililita 125, kilichotengenezwa kwa gramu 7 za kahawa ya kukaangwa, kimebeba lita 130. Kikombe cha chai cha mililita 250, chenye gramu 3 za majani, ni lita 27. Lakini chai hiyo ukiiweka maziwa nusu kwa nusu, unaongeza lita 125 au zaidi kwa maziwa peke yake, na vijiko viwili vya sukari, gramu 10 hivi, vinaongeza lita 18. Chai yenyewe ndiyo fungu dogo. Anayetaka kupunguza apunguze maziwa kidogo na achemshe kiasi kitakachonyweka, maana birika linalobaki na kumwagwa asubuhi ndilo lenye hasara zaidi.

Wali, viazi, na kazi ya mkulima wa mpunga

Ukilinganisha kwa kilo, viazi mviringo ni lita 290 na mchele ni 2,500, mtu angeapa kuacha wali leo. Lakini karibu asilimia 80 ya kiazi ni maji. Kwa kila kalori, viazi ni kama lita 0.4 na mchele kama 0.7. Tofauti ipo, ni karibu nusu, ila haifikii ile mara nane. Kubadilisha wali kwa viazi siku mbili tatu kwa wiki kuna maana. Badala ya kuhangaika zaidi ya hapo, nguvu ni bora ziende kwenye nyama na mabaki.

Kwa mpunga, mkulima ana uwezo wa kuokoa kuliko mlaji. Mpunga huvumilia kuzama, hauhitaji kuzama muda wote. Sehemu kubwa ya maji ya jaruba hupotea kwa kuzama chini na kwa mvuke. Njia ya kulowesha na kukausha kwa zamu, iliyoenezwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga ya Ufilipino, inaweza kupunguza maji ya kumwagilia hadi asilimia 30 bila kushusha mavuno. Kifaa chake ni kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 30 na kipenyo cha 10 hadi 15, kilichotobolewa matundu pande zote. Kizike hadi sentimita 15 zibaki juu ya udongo, kisha toa tope lililo ndani hadi uone chini, la sivyo utasoma tope badala ya maji. Anza wiki moja au mbili baada ya kupandikiza. Acha maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo ndani ya bomba, ndipo urudishe maji hadi sentimita 5 juu. Rudia.

Mambo matatu huharibu. Kwanza, kusahau kipindi cha kuchanua: wiki moja kabla hadi wiki moja baada ya maua, jaruba libaki na maji, vinginevyo utavuna mapepe. Pili, magugu: shamba lenye magugu mengi lianze zoezi wiki mbili au tatu baadaye, kwa sababu maji yaliyosimama ndiyo yanayoyazuia. Tatu, bomba kuwekwa kwenye mwinuko au shimo, likatoa habari za mahali pamoja zisizofanana na jaruba zima. Liweke pale panapowakilisha shamba, karibu na tuta ili ulifikie bila kukanyaga mpunga.

Chakula kinachotupwa

Kama ungependa kufanya jambo moja tu bila kugusa ladha ya mlo wako, ni hili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kuwa karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa kwa ajili ya binadamu hupotea au kutupwa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kuwa mwaka 2022 zaidi ya tani bilioni moja zilitupwa madukani, mikahawani na majumbani, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Chakula kilichotupwa kimekunywa maji yale yale ya kilicholiwa.

Usilinde vyote kwa bidii sawa. Gramu 200 za wali uliobaki, ambazo zilikuwa gramu 75 hivi za mchele, ni lita 190. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe zilizochacha ni lita 1,540. Kichwa cha kabichi cha kilo moja kilichooza ni lita 240 hivi. Kwa hiyo kwenye jokofu, nyama, jibini na maziwa vikae mbele, mahali pa kuonekana, na mboga ziwe nyuma au chini. Majumbani tumeona watu wakilinda mboga kwa sababu ndizo zinazonyauka machoni pao, huku kipande cha nyama kikiharibika taratibu nyuma ya sufuria.

Pima mchele kabla ya kupika: gramu 70 hadi 90 kwa mtu mzima hutosha. Wali uliobaki usiachwe mezani hadi asubuhi, kwani kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa na hutoa sumu wali ukikaa kwenye joto la chumba. Utandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, uingie jokofuni ndani ya saa moja, uliwe kesho yake ukiwa umepashwa hadi utoe mvuke kotekote. Nyama igawanye kwa mlo mmoja mmoja kabla ya kugandisha, iyeyushwe jokofuni usiku kucha. Kuiyeyusha chini ya bomba linalotiririka hula lita 6 hadi 10 kila dakika. Majani mabichi yafungwe kwa kitambaa au karatasi kavu inayonyonya unyevu. Yanaoza kwa sababu ya matone yaliyobaki juu yake, kwa hiyo yaoshwe siku ya kupikwa.

Kwenye sinki lenyewe, osha mboga kwa beseni, maji ya mwisho ndiyo yawe ya kwanza kwa fungu linalofuata. Maharage yaloweke kwa maji mara tatu ya ujazo wake, saa 8 hadi 12. Yakivimba muda wa kuchemsha unapungua sana, na kuni au gesi pia. Maji ya kulowekea mimina kwenye mimea. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 hata kama utamalizia kwa moto mdogo, kwa sababu yana sumu ya asili isiyovunjika kwa joto la chini. Wali wa maji ya kukauka, kipimo kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu hadi viwili vya maji, hutumia kidogo kuliko wa kuchuja. Isipokuwa pale mchele ulipotoka kwenye maeneo yenye aseniki ardhini: hapo kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga hupunguza sumu hiyo, na maji hayo hayajapotea bure.

Kupiga hesabu ya nyumba yako

Andika kilichofunguliwa jikoni kwa wiki mbili, kwa uzito, kisha zidisha kwa wastani na ugawe kwa mbili. Tumia kilichofunguliwa badala ya kilichonunuliwa, kwa sababu gunia la mchele au dumu la mafuta litakudanganya wiki ya kununua na kutoweka wiki zinazofuata.

Mfano wa kufanyia hesabu, watu wanne kwa wiki: nyama ya ng'ombe kilo 2, lita 30,800, kuku kilo 2, 8,600, maziwa lita 7, 7,100, mchele kilo 3, 7,500, unga wa ngano kilo 3, 5,400, mafuta ya alizeti lita moja, 6,200, maharage kilo moja, 5,000, matunda kilo 5, 4,800, kahawa gramu 200, 3,800, mboga kilo 6, 1,900, sukari kilo moja, 1,800. Jumla ni lita 82,900. Nyama ya ng'ombe peke yake ni zaidi ya theluthi. Ukibadilisha kilo moja ya nyama hiyo kwa nusu kilo ya maharage na nusu kilo ya kuku, unaokoa lita 10,750. Ukipunguza matunda na mboga zote kwa nusu, jambo baya kwa afya, unaokoa lita 3,350 tu. Na kama sehemu moja ya kumi ya kila kitu inaishia jalalani, hizo ni lita 8,300 zilizokwenda bila kumlisha mtu.

Ukimaliza, weka alama kwenye vitu vitatu vikubwa na ubadilishe kimoja kwanza. Andika pia, kadiri unavyoweza kujua, kipi kimemwagiliwa na kipi kimekuzwa kwa mvua. Muuzaji mara nyingi anajua eneo zao lilikotoka hata kama hajui zaidi ya hapo. Nyama ipime na mfupa wake, maana wastani uliotumika ni wa mzoga. Rudia hesabu msimu ukibadilika, kwa sababu mboga ile ile inayotoka shamba la mvua miezi hii itatoka shamba la kisima miezi ijayo.